Hoteli za Mombasa zimrudishie mlaji jina la chakula chake

Mtu anapoingia hotelini akaketi, kitu cha kwanza anachopewa ni maneno. Kabla ya maji, kabla ya kijiko, pengine kabla hata ya kujuliwa hali, huwekewa mezani karatasi yenye majina ya vyakula na bei zake, naye hutakiwa achague. Kwa maneno hayo atakisia kitakachofika, ataupima mfuko wake, na ataamua iwapo tumbo lake litakistahimili. Karatasi hiyo, kwa hakika, ni mkataba baina ya mpishi na mlaji. Hoja yangu leo ni kwamba katika hoteli nyingi za kisiwa cha Mombasa, mji ambao Kiswahili kimesemwa jikoni mwake kwa karne na karne, mkataba huo huandikwa kwa lugha ambayo mpishi hakuipikia na ambayo walaji wengi hawaitumii wakiwa na njaa. Wanaopata hasara ni wote wawili.

Ninaposema hoteli nakusudia maana tunayoijua sote humu nchini, yaani mahali pa kula. Mgeni atokaye ng'ambo akiuliza hoteli kwa ajili ya kulala, mara nyingi huelekezwa kwenye chai na chapati, akabaki ameduwaa na mkoba wake. Neno lenyewe lilizaliwa Ufaransa, likatufikia kwa mkono wa Waingereza, nasi tukalipunguzia vitanda na kuliongezea masufuria. Silalamiki. Ndivyo maneno yanavyosafiri.

Ajabu ni kwamba kisiwani Mombasa chakula kisichokuwa na karatasi ndicho chenye maelezo kamili. Hebu msomaji atoke Markiti, lile soko lililofunguliwa mwaka wa 1914 kwa jina la Mackinnon, ateremke taratibu kuelekea Mji wa Kale. Atakutana na viazi karai. Jina hilo limekwisha kumwambia chombo kilichotumika: karai, ile sufuria pana ya chuma yenye mafuta yanayochemka, ambamo viazi vilivyotokoswa na kuvikwa uji mzito wa unga wa dengu hutumbukizwa hadi vikageuka rangi. Ataona mkate wa sinia, ambao umbo lake ni la sinia uliyopikiwa. Akibahatika ataupata mkate wa mofa, na mofa ni ile tanuri ndogo ya udongo. Asubuhi atauziwa mbaazi na mahamri kwenye mlango wa nyumba ya mtu, na neno hamri ni ndugu wa hamira, yote mawili yakitoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuumuka au kuchachuka. Kwa hiyo aliyeambiwa hamri ameambiwa kwamba unga huu uliachwa ukaumuka. Jioni akiketi kwenye baraza atamiminiwa kahawa tungu, na wala hatahitaji kuonywa kwamba haina sukari. Akivuka mpaka barabara ya Mama Ngina, pale bahari inapoonekana yote, atanunua mihogo iliyopasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu mbele ya macho yake.

Katika safari yote hiyo hakuna mtu aliyempa karatasi, lakini hakuna mahali alipodanganywa. Jina la chakula lilimweleza chombo, au moto, au kiungo, au tendo. Na pale jina lilipokuwa fupi mno, muuzaji alikuwepo wa kuulizwa, akajibu kwa lugha ileile aliyopikia.

Sasa tuingie ndani, penye vitambaa vya meza.

Miezi kadhaa iliyopita niliandamana na wanafunzi wanane wa mwaka wa tatu kwenda Mji wa Kale. Kazi yetu ilikuwa kukusanya majina ya samaki kutoka kwa wavuvi na wachuuzi karibu na bandari ya zamani. Asubuhi moja ilitosha kujaza madaftari: changu, tafi, kolekole, nguru, pono, tewa, taa, mkunga, na mengine ambayo wavuvi wenyewe walibishana juu yake kwa raha kubwa. Ilipofika adhuhuri tulikuwa na njaa ya kweli. Tukaingia katika hoteli moja ambayo sitaitaja, maana inafanana na nyingine nyingi na haistahili kubeba lawama peke yake. Menyu ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Mstari mmoja ulitangaza kitu ambacho, kikitafsiriwa, ni "samaki wa siku ndani ya malai ya nyumbani pamoja na viungo vya kisiwani". Mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye tumbo lisiloweza kabisa kustahimili nazi, akamuuliza mhudumu kwa adabu:

"Kaka, samadhani, huyu samaki wa leo ni samaki gani?"

"Ni samaki tu, dada. Mtamu sana."

"Amepikwa vipi?"

"Hivyo hivyo kama ilivyoandikwa hapo."

"Ana nazi?"

Kijana akaitazama ile karatasi, akaipitia kwa kidole. Humo nazi haikutajwa. "Nafikiri hana," akasema.

Samaki alikuja ameogeleshwa ndani ya tui. Binti alikula wali mkavu na kachumbari, na bili ikalipwa yote kama ilivyokuwa. Tulipomaliza niliomba tumshukuru mpishi, kwa sababu sisi wengine tulikula vizuri mno. Akatoka mama wa makamo, anajifuta mikono kwa leso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chakula hakikuwapendeza?"

Nikamwambia kimetupendeza, ila mmoja wetu hali nazi. Akamtazama yule binti kwa huruma. "Huyo ni changu," akasema. "Nimembanika, kisha nikampaka. Lau ningejua mwanangu huli nazi ningekukaangia wako mbali. Lakini mimi ile karatasi sikuulizwa. Huandikwa ofisini."

Maneno ya mama huyu yana somo zima la isimu ndani yake, nami nayatumia darasani tangu siku ile. Chakula alichokipika kina jina linalojulikana toka Lamu hadi Unguja: samaki wa kupaka. Katika jina hilo kuna kitenzi, na kitenzi hicho ndicho upishi wenyewe. Samaki hubanikwa kwanza juu ya makaa. Kando yake tui zito la mkamuo wa kwanza hupikwa pamoja na thomu, pilipili, bizari na ukwaju au ndimu mpaka likawa rojo. Kisha samaki hupakwa rojo hilo, hugeuzwa, hupakwa tena. Tui hukauka kidogo juu ya ngozi na kushika harufu ya moshi. Ndiyo sababu samaki wa kupaka si sawa na samaki wa mchuzi wa nazi, aliyechemkia humo tangu mwanzo. Mswahili akisikia "kupaka" amekwisha kuijua nazi, makaa na ukwaju. Yule binti, lau angelisoma maneno hayo matatu tu, angeligeuza shauri kabla ya kuagiza. Tafsiri ilimwachia malai yasiyosemwa ni ya nini, na kisiwa kisichosemwa ni kipi.

Watu wanapolizungumza jambo hili hupenda kulipeleka moja kwa moja kwenye uzalendo: Kiswahili ni fahari yetu, tukienzi, na kadhalika. Mimi naona uzalendo unaweza kusubiri chai ipoe. Kwanza kuna mlaji mwenye vidonda vya tumbo asiyepaswa kugusa ukwaju. Kuna mzee aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, naye angependa kujua kama viazi vyake vimetokoswa au vimekaangwa. Kuna mwalimu aliyetoka bara na wanafunzi arobaini kwa ziara ya Ngome ya Yesu, mfuko wake umepimwa kwa shilingi, akitaka kujua kama pilau na biriani ni kitu kimoja kwa bei mbili. (Si kitu kimoja. Katika pilau mchele na nyama hupikwa pamoja na kurithiana ladha. Katika biriani ya Mombasa wali hupikwa kando na masala kando, vikakutana kwenye sahani. Kazi yake ni mara mbili, na bei hufuata kazi.) Watu hawa wote wanadai habari, na habari hiyo imo tayari katika lugha ya jikoni. Iliyokosekana ni ruhusa ya kuitoa jikoni ikafika mezani.

Simlaumu yule kijana. Alikuwa mchangamfu, alitupigia hesabu bila kukosea, na kila alipopita aliuliza kama tunahitaji maji. Alitenda alivyofundishwa. Katika vyuo vyetu vya utalii na hoteli lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na anayehitimu huweza kukutajia hatua za kuandaa mchuzi wa Kifaransa bila kusita, ilhali hakuna aliyewahi kumtahini juu ya tofauti ya kubanika na kuchoma, kutokosa na kuchemsha, kuunga na kupaka. Huenda pia kwao sima huitwa ugali, na pojo huitwa ndengu, na hilo halina lawama. Mtanzania naye angesema choroko. Lakini kijana anayehudumu Mombasa anastahili kupewa msamiati wa Mombasa kama anavyopewa sare.

Walimu wenzangu nao wasikae kando wakitikisa kichwa. Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule zetu tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Katika miaka yote hiyo tumewakaririsha watoto kwamba chakula cha asubuhi ni staftahi, cha mchana ni chamcha, na cha usiku ni chajio. Nani amewahi kuingia hoteli yoyote, ya ghali au ya rahisi, akakuta chamcha? Tumewapa watoto majina ya saa za kula, tukawanyima majina ya vinavyoliwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne hutofautisha mpunga, mchele na wali kwa sababu swali hilo huja katika mtihani. Mpe mbuzi ya kukunia nazi umwambie akune, atakuuliza yuko wapi mnyama.

Na sisi wa kamusi? Hapa taaluma yangu inapaswa kuinamisha uso. Fungua kamusi za Kiswahili utafute majina yale tuliyoyaokota bandarini. Mara kwa mara utaambiwa kwamba fulani ni "aina ya samaki", na fulani mwingine ni "aina ya samaki", bila umbo, bila rangi, bila kueleza kama ana miiba mingi au nyama ya kukaangwa. Yule mhudumu alisema "ni samaki tu". Sisi tumesema hivyohivyo, kwa jalada gumu.

Kuna sababu ya kihistoria inayoifanya lugha ya jikoni ya Mombasa iwe na unyonge wa ziada mbele ya maandishi. Mwaka wa 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki walikutana papa hapa Mombasa, na katika mkutano huo Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya mji uliowapa wajumbe hao viti na chai, kikaachwa nje ya mlango wa shule. Sitaki kuifufua kesi hiyo. Imekwisha kuhukumiwa na sote tumefaidika na lugha moja ya kuandikia. Lakini matokeo yake ni kwamba mpishi wa Mji wa Kale husema mtuzi, vitabu vikasema mchuzi. Husema mtele, vitabu vikasema mchele. Akaanza kuamini kwamba maneno yake ni ya mdomoni tu, hayafai kuandikwa. Mtu aliyezoea kuamini hivyo hatabisha ofisi ikimwandikia menyu kwa Kiingereza. Ajabu nyingine ni kwamba barabara imesalimika kuliko sahani: ile njia kuu ya Mji wa Kale hata leo huitwa Ndia Kuu, kwa sauti ya Kimvita halisi, na hakuna mgeni aliyepotea kwa sababu hiyo.

Najua jibu litakalotolewa. Wenye hoteli watasema wageni hawasomi Kiswahili, nao ndio walipao. Hoja hii ina uzito na nisingependa kuipuuza, maana nyuma yake kuna mishahara ya watu. Hata hivyo, tuitazame kwa makini. Mgeni huyohuyo, akiwa kwao, huagiza pizza bila kutaka itafsiriwe kutoka Kiitaliano, na huagiza sushi bila kudai Kijapani kiondolewe. Neno menyu lenyewe ni la Kifaransa, na Waingereza walilichukua pamoja na vyakula vilivyoandikwa humo. Chakula kinaposafiri kwa heshima husafiri na jina lake. Anayetoka mbali mpaka Mombasa amelipa nauli ili akutane na kitu asichokuwa nacho nyumbani. Kwa nini tumpe chakula kipya kwa jina la zamani?

Wazee wetu walilielewa jambo hili kuliko sisi. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, na Mombasa ikawatoka mwaka wa 1698. Walituachia meza na mvinyo, maneno yao hasa, yaliyokuja na vitu vyenyewe. Biriani na pilau zilikuja na majina yenye asili ya Uajemi. Chapati, bajia, achari na hilo karai la viazi vyetu ni zawadi za Bara Hindi. Sahani na sinia ni za Kiarabu. Hakuna bibi wa Mji wa Kale aliyeona haja ya kuita biriani "wali wa Kiajemi wenye nyama juu". Alilipokea jina, akalitia irabu za kwetu, akaongeza ndimu. Kwa hiyo nisieleweke kwamba natetea usafi wa lugha. Menyu ya Mombasa ikiandikwa kwa Kiswahili safi kabisa itakuwa imejaa Uajemi, Bara Hindi, Arabuni na Ureno, na huo ndio Uswahili wake. Ninachokataa ni kwamba sisi tuliopokea majina ya watu wote tuwe wa kwanza kuyaficha ya kwetu tukitembelewa.

Mfano wa mji wa bandari uliokataa kufanya hivyo upo, na uko Ufaransa. Marseille ni mji wa wavuvi na mabaharia kama Mombasa, na una supu yake ya samaki iitwayo bouillabaisse, iliyoanza kama chakula cha wavuvi na baadaye ikawa ya watalii. Umaarufu ulipozidi, kila hoteli ikawa inapika inavyotaka na kuuza kwa jina hilohilo. Mwaka wa 1980 baadhi ya wenye hoteli wa mji huo wakaandika hati ya makubaliano: wakataja kwa majina samaki wanaostahili kuingia katika sufuria hiyo, na wakaeleza namna ya kuiandaa mbele ya mlaji. Angalia walivyofanya. Walilinda jina la chakula kwa kuorodhesha majina ya samaki. Changu, tafi, kolekole wa kwao. Hakuna mwenye hoteli aliyetia sahihi hati ile anayeweza kumjibu mteja kwamba ni samaki tu.

Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 4 Agosti 1994, Ufaransa ilipitisha sheria iliyopewa jina la Jacques Toubon, waziri wa utamaduni wa wakati huo, inayotaka bidhaa na huduma zielezwe kwa Kifaransa. Lugha nyingine huweza kuongezwa kando yake. Ndani ya sheria hiyo mna kipengele ambacho hunifurahisha: majina ya vyakula vya kigeni yanayojulikana na umma mpana yameruhusiwa yabaki yalivyo. Yaani hata Wafaransa, ambao kwa ulinzi wa lugha hawana mchezo, wamekubali kwamba chakula cha watu kina haki ya kuitwa kwa jina la watu hao. Ni lini samaki wa kupaka atafika Marseille kwa jina lake, iwapo hata Mombasa hajaandikwa?

Sisi nasi hatukosi sheria. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Ukivisoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja, huku sahani ya changu iko mbele yako, ni vigumu kuona kwa nini menyu isiyo na neno moja la Kiswahili iwe jambo la kawaida. Leseni za biashara zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti ya Mombasa ingeweza, bila kungoja Nairobi, kuweka sharti dogo kwamba kila anayeuza chakula kisiwani aandike majina kwa Kiswahili, pamoja na lugha nyingine aitakayo.

Hata hivyo, nakiri kwamba sheria ikitangulia peke yake nitaogopa matokeo. Nimeona tafsiri za kiofisi. Atapatikana mtu Nairobi wa kutafsiri ile menyu ya Kiingereza kurudi katika Kiswahili, na tutaletewa "samaki wa siku ndani ya malai ya nyumbani" kwa muhuri wa serikali. Menyu ya Kiswahili haitafsiriwi. Huulizwa jikoni. Ndiyo maana nadhani kazi ianzie kwa wasomaji wa ukurasa huu, walimu na wanafunzi, kabla ya kufika kwa makarani.

Shule nyingi huleta watoto Ngome ya Yesu, hasa tangu ilipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011, na treni mpya iliyoanza mwaka wa 2017 imerahisisha safari. Watoto huonyeshwa mizinga, huhesabishwa miaka, kisha hupelekwa kula chipsi. Saa hiyo ya kula ingekuwa nusu ya somo. Mwalimu awagawe watatu watatu, kila kundi linunue chakula kimoja kwa mama anayekiuza, wakile, ndipo waulize: kinaitwaje, kimepikwa kwa tendo gani, kwa chombo gani, kina nini ndani, na huliwa na nini? Wanunue kwanza na waulize baadaye, tafadhali. Mama aliyeamka alfajiri kukanda unga si maktaba ya bure. Na wayaandike majibu kama yalivyosemwa, mtuzi ukiwa mtuzi. Mwalimu wa Mombasa yenyewe hahitaji hata treni. Ana nyanya wa wanafunzi wake.

Kwa upande wa vyuo vikuu, idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wanaohangaika kila mwaka kutafuta mada za tasnifu, wakaishia kuchambua riwaya ambazo zimechambuliwa hadi zimechakaa. Vitenzi vya upishi vya pwani peke yake vingewatosha watahiniwa kadhaa. Mwaka wa 2021 UNESCO ilitambua juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Mboga za kienyeji zilizokuwa zikidharauliwa zilirudi shuleni na sokoni kwa sababu watu waliketi wakaziorodhesha kwa majina ya wenyeji. Vyakula vya Mji wa Kale havijafa. Vinanunuliwa kila siku. Kazi yake ni nyepesi zaidi.

Na mwenye hoteli, ambaye pengine hasomi ukurasa wa walimu, atahitaji nini hasa? Karatasi ileile, wino uleule, na robo saa ya kuketi na mpishi wake. Niliporudi nyumbani baada ya ile ziara niliyaandika maneno ya yule mama kwa namna ambayo yangekaa katika menyu yoyote. Yalitoka hivi: "Changu wa kupaka. Samaki mzima aliyebanikwa juu ya makaa, akapakwa tui zito lenye thomu, pilipili na ukwaju. Huliwa kwa wali au mkate. Asiyekula nazi aseme, atakaangiwa." Maelezo ya Kiingereza yataingia chini yake bila taabu, kwa herufi ndogo kidogo.